Maneno ya Kupasulia Mwaloni

Barua ya kumwita bwana wa maneno aliiandika Hilda mwenyewe, tena bila kumwambia baba yake.

Mzee Jonty Brockbank alikuwa msuka vikapu vya mwaloni wa mwisho katika bonde lile la kaskazini mwa Uingereza. Miaka hamsini na tatu alichemsha magogo, akayapasua, akayachonga mpaka yakawa membamba kama utepe. Sasa mapafu yalikuwa yamechoka, na daktari alishamvuta Hilda pembeni akamwambia ajiandae. Vikapu huoza, jamani. Hilda alitaka kitu cha baba yake kibaki. Ndipo akasoma gazetini kwamba chuo kikuu kimoja kinazungukia vijiji kukusanya maneno ya wazee ya kukata, kumenya na kuchuna, yachapwe kitabuni na jina la kila msemaji.

Bwana Ormerod wa chuo hicho alifika Jumamosi kwa baiskeli. Jikoni, kabla hawajatoka kwenda karakana, alimweleza Hilda kwamba maneno yana ukoo kama watu. "Shear", la kukata manyoya ya kondoo, ni la Waingereza wenyewe tangu hapo. "Pare", la kumenya tufaha kwa kisu, lilikuja na mabwana waliosema Kifaransa. Na "rive", la kupasua mti kwa kuufuata uzi wake, lilishuka na watu wa Norwei miaka elfu iliyopita, na wasuka vikapu wa milima hii walikuwa bado wanalo. Hilo ndilo alilolifuata.

Ila kazi yake ilikuwa na sheria. Mzee hatajiwi neno. Anaelezewa kitendo, kisha anangojwa. Na la Hilda halihesabiwi, maana yeye ni mwalimu, shule imeshamwosha ulimi. Hilda akacheka kwa furaha. Neno hilo baba yake alikuwa nalo tangu yeye anatambaa!

Mzee alikuwa karakana, amekaa wima, amevaa tai ya kanisani. Bwana Ormerod akamuuliza: ukishachemsha gogo, ukalifungua kwa mikono, unafanya nini?

"Split," akajibu mzee kwa neno la shuleni la kupasua, polepole, kama anayesoma ubaoni.

Bwana akaandika. Akauliza la tufaha, la gome, la majani ya uani. Kila jibu lilikuwa Kiingereza cha vitabuni, kimenyooka, hakina hata chembe ya bonde lile.

Na nani alimfundisha? Si ni Hilda mwenyewe! Tangu apate ualimu alikuwa akimkosoa baba yake mezani, mbele ya watu: Baba, watu hawasemi hivyo. Siku mwalimu mkuu alipokuja kunywa chai, alimwomba mzee abaki huku huku karakana. Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Na mzee hakugomba. Alijifunza neno moja moja, akiwa peke yake, akichonga.

"Baba," Hilda akasema, "sema tu kama ulivyokuwa ukisema zamani."

Mzee akamtazama kwa mashaka, kisha akamtazama mgeni.

"Zamani nilikuwa sijui, mwanangu."

Bwana Ormerod akajaribu mara mbili tena, kwa upole, kwa njia za kuzunguka. Halafu akafunga daftari. Langoni Hilda akamshika mkono wa koti, akamtajia lile neno, akamwapia kwamba ni la baba yake, na la babu yake kabla yake. Yule bwana alimwonea huruma, ilionekana wazi. Lakini akasema hawezi kuandika asichokisikia kwa mzee mwenyewe, na kwamba bonde la pili kuna msuka mwingine, huenda akabahatika. Akapanda baiskeli.

Hilda alisimama pale mpaka machozi yakakauka, kisha akarudi karakana. Mzee alikuwa amelegeza tai, jasho linamtoka, amechoka kama aliyebeba magogo kutwa nzima. Akamwangalia bintiye usoni kutafuta jibu.

"Sikukuaibisha leo, eti?" akauliza. "Hakuna hata moja la kishamba lililonitoka?"

"Hakuna, Baba," akasema Hilda. "Hakuna hata moja."

Mzee akatabasamu.