Mkurugenzi wa Dakika ya Pili

Jumatatu saa mbili asubuhi, mkemia wa kiwanda cha dawa alifunga kolamu mpya, bomba la kuchujia, kwenye mashine ya kupimia dawa. Ile ya zamani ilikuwa bomba la chuma, na ilichukua dakika arobaini kutenganisha vilivyomo ndani ya kidonge. Hii ilikuwa fupi kama kidole, imeshindiliwa chembe laini kuliko vumbi, na kazi ileile iliimaliza kwa dakika tatu.

Alianza na vidonge vya presha. Mama yake anavimeza mwaka wa pili sasa, na presha haishuki ng'o.

Dakika ya kwanza ilitoka dawa, kiduchu. Dakika ya pili, kwenye ncha ya mrija, akatoka mkurugenzi wa kiwanda, ukubwa wa punje ya mchele, suti mwilini, simu sikioni. Mkemia alimkausha kwa pamba, akamweka kwenye kisahani.

"Shikamoo, bosi. Humo umeingiaje?"

"Marahaba. Dawa ilipopunguzwa ilibaki nafasi," akasema yule mdogo. "Nikajaza mimi."

Mkemia alipitisha sampuli ishirini. Kufika mchana wakurugenzi ishirini walikuwa wanafanya kikao kwenye kisahani, wote wanaongea, hakuna anayesikiliza.

Mkurugenzi mwenyewe alishuka kutoka ghorofa ya juu. Aliwasalimia wenzake mmoja mmoja, akatazama grafu ya mashine yenye vilele viwili: kifupi cha dawa, kirefu chake mwenyewe.

"Kolamu hii ina umbea," alisema. "Rudisha ile ya zamani. Ile ina heshima zake."

"Bosi, mama yangu anameza hivi vidonge."

"Ah! Msalimie sana. Mwambie asiruke dozi."

Kolamu ya zamani ikarudishwa. Baada ya dakika arobaini dawa na mkurugenzi walitoka pamoja, kilele kimoja kizuri ajabu: dawa asilimia tisini na tisa. Cheti cha ubora kilipigwa muhuri kwa kasi ambayo hata kolamu mpya ingeionea wivu. Mkemia roho ilimuuma, jamani, lakini alisaini.

Jumamosi asubuhi alimkuta mama yake kwenye kochi, mkono tumboni, anatabasamu.

"Mwanangu, kuna mtu ananiongelesha humu ndani. Mstaarabu kweli. Kila nikimeza kidonge ananiambia mambo yote yako sawa."

Mkemia alimfunga mkanda wa kupimia presha. Mia mbili na kumi.

"Na sasa hivi anasemaje?"

"Anasema tusiwe na wasiwasi. Hebu nipe kingine, saa imefika."

Akampa. Nyumbani hakukuwa na dawa nyingine.