Miba Kwenye Njia ya Mkato

Naelijwa anajilaza kidogo mchana, maharage yangali jikoni, na kabla usingizi haujakolea anajikuta amesimama kwenye shamba la mahindi asilolijua, ingawa miguu yake inalijua. Katikati pana njia ya mkato. Kwao Upareni mwenye shamba akichoka kukanyagiwa mazao hukata matawi ya miba akaiziba njia, na hapa pia miba ilikuwepo, ila kuna mtu ameiondoa akaitupa pembeni. Mwanamke mwenye jembe anamsubiri. Hana uso, ni ngozi tupu, laini kama sahani, na Naelijwa anamwamkia kwa woga. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, anajibu yule bila mdomo, umerudi tena ubongoni mwako. Naelijwa anauliza mbona njia imekuwa pana hivi. Mara ya kwanza, anaambiwa, ulisukumwa na msiba wa baba yako, ukacheka siku tisa bila kulala, kisha ukalia miezi miwili. Mara ya pili ulitosha ugomvi na wifi yako. Mara ya tatu, usiku mmoja wa kukosa usingizi. Kila ukipita unakanyaga mahindi, na udongo unaishika njia. Safari ijayo hutahitaji wa kukusukuma. Haya, niambie, miba kaitoa nani?

Naelijwa anataka kumsingizia mtu, lakini ni yeye. Miba ni vidonge vyake vya ugonjwa huo, na wiki sita hajavimeza, kwa kuwa hakumwona yeyote akipita akadhani njia imekufa, kama mtu anayeacha dozi ya malaria homa ikishuka. Anakimbia, na njia inazunguka inamrudisha kwenye jembe lile lile, kila mzunguko imetanuka, mpaka mahindi yanabaki mstari mmoja, na katika mstari huo amesimama binti yake Tunu, pua na macho vimeanza kufutika. Yakiisha haya, nitamjua mwanangu? Yule anaelekeza jembe kwenye miba. Naelijwa anaikumbatia kwa mikono mitupu, anaiburuta kuizibia njia, inamchana, analia.

Mama, maharage yanaungua. Tunu anamtikisa. Naelijwa anampapasa uso, macho yapo, pua ipo, na bado moyo haujatulia. Anamwomba lile kopo la dawa lililo juu ya kabati.

Si ulisema umepona?

Nilisema, mwanangu. Nilikosea.

Anameza kidonge. Kinashuka kooni kikichoma kama mwiba, naye hajui kama ameamka, lakini anakimeza hivyo hivyo.