Koti la Meza ya Kwanza

"Na wewe Musau, kwenye hiyo meza ya meli uliketi upande gani?"

Nyawira aliuliza swali hilo asubuhi moja katika hoteli ya chai ya Musau, pale Ruiru karibu na stesheni, kikombe kikiwa mkononi na kicheko tayari mdomoni. Nyawira alikuwa jirani wa kila mtu na mambo ya kila mtu yalikuwa yake. Musau hakushtuka. Alipangusa meza, akasema, "Upande wa kuonea bahari," na watu wakacheka pamoja naye. Waceke, mjane wa katekista, alikuwa ameingia kununua mkate. Yeye hakucheka. Hakuwa na ubaya wowote moyoni, aliona tu kwamba swali limeulizwa na jibu halijatoka.

Musau alikuwa Mkamba aliyefanya kazi miaka kumi na mmoja katika meli za abiria, kutoka Mombasa hadi Ulaya na kurudi. Kazi gani hasa, watu hawakufuatilia. Mwenyewe alisema, "Nilikuwa meza ya kwanza," basi. Ukutani mwa hoteli yake, kwenye msumari, ndani ya shuka safi, palining'inia koti jeupe lenye vifungo vya shaba. Mgeni akiuliza, Musau alifunua shuka kidogo na kusema, "Hili ndilo nililovaa jioni, wakati wa chakula kikubwa." Na huo haukuwa uongo.

Mwaka wa hamsini na nane, Kagwe mwana wa Waceke, aliyekuwa mwalimu wa darasa la nne, alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Kibali cha kusafiri kilitoka baada ya miezi mitano, na tiketi ya meli ikafuata. Pamoja na tiketi kulikuwa na karatasi ya mavazi. Mchungaji aliisoma mbele ya akina mama wa kanisa pale Gitothua baada ya ibada. Mchana mtu angevaa apendavyo, ila kwa chakula cha jioni wanaume wangevaa koti maalum la chakula, jeupe meli ikiwa kwenye maji ya joto, na tai nyeusi ya kipepeo.

Akina mama walitazamana. Tai walijua itapatikana. Koti la chakula hawakuwahi kulisikia.

"Si ni lile la Musau la ukutani?" Nyawira akasema. "Ama lile ni la kutuonyesha tu?"

Musau alikuwa amekaa benchi la nyuma. Watu wote waligeuka kumtazama. Alitazama viatu vyake kwanza, kisha akasema, "Ndilo. Fundi alichukue liwe mfano."

Hivyo koti likatolewa msumarini kwa mara ya kwanza, likapelekwa Thika kwa fundi Sadruddin, ambaye duka lake lilishona kaptura za shule na nguo za maaskari. Akina mama walinunua kitambaa cha drili nyeupe kilichofanana na kile cha mfano, nacho kilikuwa cha mwisho kwenye jora. Kwa wiki tatu, kila jioni kabla ya jua kuzama, Musau alikuja nyumbani kwa Waceke kumfundisha Kagwe kula.

Alifundisha vizuri, hilo hakuna aliyelipinga. Alipanga uma na visu vya kuazima mezani. "Anza na vya nje, uje ndani. Supu isukume mbele na kijiko, usiivute kwako kama mtu anayechota mtoni. Mkate uuvunje na mkono, kisu si cha mkate wako. Na sikia, mwalimu, jioni ya kwanza usivae koti."

"Kwa nini, mzee?"

"Masanduku ya watu bado hayajafunguliwa. Jioni ya mwisho pia hawavai, yamefungwa tena. Ukivaa jioni ya kwanza, meli nzima itajua hujawahi kupanda hata mashua."

Waceke alikaa mlangoni akirudishia vifungo mashati ya watu. Aliona mambo mawili. Katika wiki tatu hizo, hata siku moja Musau hakuketi. Alisimama nyuma ya bega la kushoto la Kagwe, mkono mmoja mgongoni. Na kila Kagwe alipoweka kijiko chini, ule mkono mwingine ulikuja wenyewe kuchukua sahani. Waceke aliyaweka mambo hayo pale anapoweka mambo yake, akaendelea na sindano.

Koti jipya lilifika Jumamosi, siku nne kabla ya treni ya Mombasa. Mchana huo Waceke alilichemsha, akalitia bluu na wanga, akalianika, kisha akawasha makaa ya pasi. Alikuwa dobi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa kahawa kwa miaka tisa. Nguo alizijua kwa mikono zaidi ya macho. Alipiga pasi mikono ya koti, akapiga mgongo, akaligeuza mbele, na mkono wake ukaenda wenyewe kifuani kutafuta mapindo, yale yanayolala kushoto na kulia ili shati na tai vionekane. Mkono haukuyapata. Koti lilipanda moja kwa moja, kifungo juu ya kifungo, mpaka kooni.

Aliirudisha pasi kwenye kigae chake. La yule bwana Mzungu lilikuwa wazi kifuani. Alilipiga pasi kila Krismasi na kila bwana alipokwenda kwao. Lililofungwa mpaka kooni alilijua pia, kwa sababu siku za karamu kubwa klabu ya Wazungu ilileta makoti ya wahudumu yafuliwe, na yalikuja kumi na mawili, yote yakiwa hivi. Alichukua ile tai nyeusi, akaiweka kwenye kola. Haikuwa na pa kukaa.

Jumapili alimwona Musau kanisani. Walisalimiana. Mchungaji alimshukuru Musau mbele ya watu kwa kumwandaa mtoto wa kanisa, naye Musau akainama. Waceke aliomba apewe maneno, na apewe pia subira ya kuyashika mpaka yapate mahali. Siku ya Bwana haikuwa siku ya kumvua mtu nguo mbele ya watu.

Jumatatu alipanda basi na Kagwe wakaenda Thika. Sadruddin alimvalisha Kagwe lile koti jipya mbele ya kioo, akamsikiliza mama mpaka mwisho.

"Mama, mimi naletewa mfano, nashona mfano," akasema. "Kufungua kifua naweza. Lakini mapindo na kola inataka karibu nusu yadi, na ile jora imekwisha. Iliyokuja mpya rangi yake kama maziwa. Chini ya taa ataonekana kama ametiwa kiraka."

"Na hiyo?" Waceke akauliza. Koti la Musau lilikuwa limetundikwa nyuma ya cherehani.

"Hiyo kitambaa sawa. Imefuliwa sana, tu."

"Weupe nitaulinganisha mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Lakini mimi sikati koti ya mtu, mama. Mwenyewe anakuja leo kuichukua. Sema naye."

Wakamngoja. Kagwe hakuwa ameelewa bado kwa nini kifua kifunguliwe. Aliona haya kumuuliza mama yake mbele ya fundi, akasimama tu kando ya ukuta, wima, koti limefungwa mpaka kooni. Ndivyo Musau alivyomkuta alipoingia, shuka yake imekunjwa kwapani tayari kufunikia koti. Alisimama kizingitini muda kidogo. Tabasamu alilokuja nalo likapungua polepole mpaka likaisha.

"Nimependeza, mzee?" Kagwe akauliza.

Waceke akasema, kwa sauti ile ile aliyoagizia mkate, "Mzee Musau, wiki hii mtoto wangu ataingia chumba cha chakula akiwa hivi. Atavutiwa kiti, ama ataambiwa alete supu?"

Sadruddin aliacha kukanyaga cherehani. Musau alimtazama Waceke, akaona hakuna mzaha usoni pake, wala hasira.

"Abiria atampa glasi tupu," akasema mwishowe. "Atampa bila kumtazama."

"Maitu, ni nini?" Kagwe akamuuliza mama yake. "Mzee, kwani yale yote uliyonifundisha..."

"Ni ya kweli yote. Niliyaona kila jioni, miaka kumi na mmoja." Musau alivuta pumzi. "Niliyaona nikiwa nimesimama."

Kagwe alitazama vifungo vya kifuani pake, akaanza kuvifungua kimoja kimoja kutoka juu. Waceke alisema tu treni ni Jumatano, kitambaa kimepungua nusu yadi, na fundi hakati koti la mtu bila ruhusa.

Musau alikwenda nyuma ya cherehani, akalishusha koti lake. Alilitandaza kifudifudi kwenye meza ya kukatia, akanyoosha mikono ya koti pande zote mbili, akalainisha mgongo kwa kiganja kama mtu anayetandika meza. Kisha akachukua chaki ya fundi, akachora mraba.

"Kata hapa mgongoni, fundi. Mbele kuna doa la mvinyo. Halikutoka kamwe."

Akaiweka chaki. Alimgeukia Kagwe, aliyekuwa sasa na shati tu.

"Jioni ya kwanza usivae," akamwambia.

Aliitia shuka kwapani, ikiwa imekunjwa vile vile alivyokuja nayo, akatoka nje.