Misa ya Sauti Nane

Padre Gaspare Inzerillo alisoma misa zake harakaharaka kama mtu mwenye safari, kisha akapanda ngazi kwenda kwenye roshani ya kinanda. Huko ndiko alikoishi hasa. Watu wa Castrofano, mji mdogo wa Sisilia uliojibanza juu ya mlima, walimpenda hivyohivyo. Walisema Padre akianza kupiga, hata walevi wa sokoni hunyamaza.

Mwaka huo alikuwa amemaliza kutunga misa ya sauti nane. Ilimla miaka minne. Mjumbe wa askofu angekuja kuisikia Jumapili ya tarehe kumi na moja Januari, na ikimpendeza, Padre Gaspare angeitwa kupiga kinanda kwenye kanisa kuu, mjini pwani. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Nafasi nyingine asingeipata.

Ijumaa, siku mbili kabla, ardhi ikatikisika. Nyumba kadhaa zilianguka, na watu wakahamia mashambani na magodoro yao, wakajikunyata chini ya mizeituni katika baridi ile.

Jumamosi asubuhi waimbaji wanane walikutana kanisani. Mmoja wao, Vanni Burgio, mwimbaji wa sauti ya tatu, alikuwa fundi mwashi. Hakufungua hata karatasi yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya tao kubwa.

"Padre, hebu njoo uone. Mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko."

"Ufa huo upo tangu zamani."

"Ulikuwa kama unywele. Leo unaweza kufuga kuku humu. Tuimbe nje, uwanjani."

"Na kinanda nikibebe mgongoni?"

"Basi nipe wiki mbili niweke magogo ya kuliegemeza tao."

"Mjumbe hakai wiki mbili, Vanni."

Padre Gaspare alisimama chini ya tao. Vumbi la chokaa lilikuwa likimdondokea begani, jepesi, bila kukoma. Aliliona. Akalipangusa kwa kiganja.

"Sema tu unaogopa," alisema. "Nitamwita Cola, yule kinyozi, aimbe sehemu yako."

Waimbaji wakaangua kicheko, maana Cola aliimba kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Vanni alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Cola? Labda nife kwanza," alisema. "Nitaimba."

Na wengine, kwa kuwa fundi mwenyewe amekubali, hawakuuliza tena.

Jumapili Padre Gaspare aliwapanga chini, mbele ya altare, ili mjumbe awaone vizuri. Yeye alikuwa juu, na nyuma yake mzee Tanu akivuta mivukuto ya kukipa kinanda hewa. Misa ilianza kuchelewa, karibu na adhuhuri, lakini ilikwenda vizuri kuliko alivyowahi kuota. Walikuwa katikati ya Nasadiki sauti ya Vanni ilipopanda juu ya nyingine zote, na Padre Gaspare akajikuta anatabasamu peke yake.

Kisha mabomba ya kinanda yakaanza kulia bila kuguswa. Benchi likamtupa. Tanu alimshika kanzu, akamburuta mpaka kwenye pembe ya mnara wa kengele, ulioshikamana na roshani, na kutoka hapo Padre aliona tao likifunguka, taratibu kabisa, kama mtu anayepiga miayo. Halafu hakukuwa na cha kuona ila vumbi.

Mnara ulisimama. Sehemu nyingine yote ya kanisa ilikuwa kifusi, na chini yake waimbaji wote wanane, mjumbe, na watu zaidi ya mia.

Vanni walimtoa siku ya tatu. Mkewe, Agatina, alimfuta uso kwa mtandio wake.

"Alijua ukuta umeoza," alimwambia Padre. "Nikamuuliza, basi unakwenda kufanya nini? Akanijibu, Padre ameutazama, amesema hauna neno."

Vanni alimfichia aibu mpaka mwisho.  Padre Gaspare aliungama kwa paroko, Don Calcedonio, aliyekuwa mashambani na wagonjwa siku ile, naye akamwondolea dhambi kabla hajamaliza kusema.

"Sisilia nzima imeanguka, ndugu yangu. Wewe ndiwe uliyeiangusha? Ni mkono wa Mungu. Usiwaongezee watu machungu."

Padre Gaspare akaificha siri hiyo mwaka mzima. Waliobaki walihamia bondeni, wakajenga kanisa la mbao. Siku ya kumbukumbu, paroko alimtaka apige misa ya wafu kwenye kinanda kidogo cha kuazima. Padre Gaspare alikaa, akatazama watu, kisha akainuka.

"Vanni Burgio alinionya," alisema. "Aliniomba wiki mbili. Niliona chokaa ikidondoka, nikamcheka mbele ya wenzake mpaka akakubali. Wote wanane niliwaweka mimi pale."

 Mama mmoja alimshika mwanawe mkono, akatoka. Wengine wakafuata. Don Calcedonio alikuwa amefumba macho.

Agatina alimngoja nje.

"Umeutua mzigo, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Umenitwika mimi. Mwaka mzima nilikuwa namlaumu Mungu, na nilikuwa nimeanza kupatana naye. Sasa nitakuwa nakuona wewe, kila siku, hapo kisimani, hapo sokoni."

"Unataka nifanye nini?"

"Nenda mbali."

Alikwenda. Alipata kazi katika hospitali ya wagonjwa wasiopona, karibu na bahari, akawaosha, akawalisha, akawazika. Alikaa huko miaka kumi na mmoja na hakutunga hata mstari mmoja.

Pasaka moja mpiga kinanda wa masista wa hospitali ile aliugua, wakamsihi Padre Gaspare awasaidie. Alikwenda akaketi. Mikono ikabaki magotini. Masista walimtazama, wakatazamana, mwishowe mkubwa wao akaanzisha wimbo bila kinanda na wengine wakadakia. Walipofika ubeti wa pili aliinuka polepole, akarudi wodini, ambako mtu alikuwa akiomba maji.