Kikohozi cha Mkwe

Kila alfajiri Kipaza alikohoa mlangoni, akabamiza geti, akaenda zake kazini. Hakuwa na kifua. Kikohozi kile kilikuwa cha adabu: kilimwambia mama mkwe wake kwamba mwanamume ameshatoka, sasa anaweza kuogeshwa. Tangu kiharusi kimuulie upande wa kulia, mama huyo aliogeshwa na binti yake, akabadilishwa nepi na binti yake, na katika nyumba ile iliyogawanywa kwa mbao nyembamba, mkwe alikuwa hajui lolote. Ndivyo walivyokubaliana bila mtu kufungua mdomo.

Binti mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Mwenye karakana alikwisha kumwonya: chelewa tena, kiti chako nampa mwingine. Tumaini lilibaki kwenye posho ya uangalizi, ile ambayo serikali hutoa ili mgonjwa apate mtu wa kushinda naye.

Zamani posho hiyo ilikaa mfukoni mwa afisa mmoja. Wengine wamemsahau, sisi wa mtaa huu bado. Alikuuliza ukoo kabla hajakuuliza ugonjwa, na shangazi zake, wazima kama vigingi, wote walikuwa viwete kwenye karatasi. Kipaza ndiye aliyetuongoza kumng'oa. Mchomelea vyuma asiyemaliza shule, alipanda juu ya pipa akadai kanuni, kanuni moja kwa wote, isiyojua shangazi wala mjomba. Tukaitikia mpaka tukakauka makoo. Wakatuletea kompyuta. Inauliza, unajibu ndiyo au hapana, inajumlisha, inahukumu. Na kweli, haina shangazi.

Siku ya mama mkwe kuhojiwa ilipofika, mke wa Kipaza alitaka kumpeleka yeye mwenyewe. Kipaza akakataa. Alisema wanawake wawili wapole wataliwa mchana kweupe pale. Atakwenda mwenyewe, wamjue. Mkewe alianza kusema jambo, akalimeza.

Karani, msichana mwenye sauti ya taratibu, alisoma maswali moja baada ya jingine kama yalivyojitokeza kwenye skrini.

"Mama, unaoga mwenyewe?"

Mama aliuvuta mtandio ukaufunika mkono wake uliokufa. Mkwe alikuwa ameketi ubavuni pake, kiti kwa kiti.

"Naoga."

"Na chooni, unakwenda bila kusaidiwa?"

"Nakwenda, mwanangu. Kwani mimi mtoto?"

Karani hakubonyeza mara moja. Alikitazama kiti cha magurudumu, akamtazama Kipaza, akasema msindikizaji anaruhusiwa kusahihisha kabla jibu halijafungwa. Kipaza, aliyewahi kumtolea waziri maneno machafu askari wakiwa wamemzunguka, akainua macho kwenye feni. Angesema nini? Kwamba mbao zinapitisha sauti?

"Mama ameshajibu," alisema.

Hastahili, ikaandika mashine.

Njia nzima alimsukuma mama akiilaani ile mashine, na mama akiitikia kwamba dunia imeharibika. Nyumbani mkewe aliuliza swali moja tu: mama alipoulizwa mambo ya kuoga, wewe ulikuwa wapi? Kipaza akajibu kwa fahari kwamba alikuwa pale pale, hakubanduka.

"Ulitaka akuvulie nguo, baba watoto?" mkewe alisema. "Mashine haina mkwe. Mama anaye."

Pingamizi nalo lina kanuni yake. Hupokewa tu kama mtu aliyekuwemo chumbani atakuja kusema kwamba jibu halikuwa kweli, na kweli yenyewe ni ipi. Mkewe hakuwemo. Basi Kipaza akarudi ofisini, akatukuta tumejipanga foleni mpaka barazani. Tulimpisha mbele kwa furaha. Tulidhani leo kuna moto. Akainamia kioo cha dirisha, akanong'ona.

"Ongeza sauti, baba," karani alisema. "Kioo hiki kinameza maneno."

Akaongeza. Alisema mama mkwe wake haogi mwenyewe. Alisema chooni haendi, anavalishwa nepi. Karani akatazama chini, kisha akauliza kilichofuata kwa sababu kanuni inamtaka aulize: umejuaje?

"Nasikia," alisema Kipaza. "Siku zote nilikuwa nasikia."

Hapo sisi, tulioimba kanuni, kanuni, tukaanza kuchunguza viatu vyetu. Hakuna aliyecheka. Afadhali tungecheka.

Posho ilikubaliwa palepale. Lakini maneno ya mtaa wetu yana miguu mirefu kuliko ya Kipaza. Alipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa amegeukia ukuta, chakula chake hakijaguswa.

Alfajiri iliyofuata akasimama mlangoni, akakohoa kama kawaida.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya mbao, haina hasira.

"Usilichoshe koo, baba. Nenda tu."

Kipaza akalishika geti kwa mikono miwili, akalirudishia taratibu, lisilie.