Kapu Chini ya Meza ya Fundi

Alhamisi saa nne asubuhi, mzee mfagiaji wa hospitali aliinama chini ya meza ya Fundi akalitikisa kapu la taka.

"Binti yangu, limejaa tena. Na maneno ya wiki hii yana kelele!"

"Yaache tu, mzee. Nitayatoa mwenyewe."

Walimwita Fundi tangu siku ya kwanza, ingawa programu alijifunza kuziandika miezi mitatu tu. Yake ilikuwa ndogo: muuguzi anaandika alichosema mgonjwa, ujumbe unafika kwenye simu ya ndugu. Shida ilikuwa alama za usemi, ambazo muuguzi aliyafungia maneno ya mgonjwa. Kompyuta huyashika maandishi kati ya alama mbili, moja mwanzoni, moja mwishoni. Ikikuta nyingine katikati hudhani maneno yameisha, na programu inagoma. Dawa yake ni kimstari cha mshazari kabla ya alama, basi. Fundi alifundishwa akasahau. Kuuliza si ujinga, lakini mtu akishaitwa Fundi amuulize nani? Siku ya kumwonyesha mganga mkuu aliandika amri ya kukata kila kitu kuanzia alama ya kwanza ya muuguzi na kukitupa. Programu haikugoma, akapigiwa makofi.

Yaliyotupwa yakawa yanaangukia kapuni, kila neno na sauti ya mwenyewe. Yalikuwa na joto kidogo, kama mayai yaliyotoka kutagwa. Mfagiaji alichukia tu kwamba ufagio hauyashiki.

Saa tano akaingia dada wa mshona viatu, mgonjwa wa wodi ya pili aliyefariki jana yake. Akanyoosha simu. Kiooni paliandikwa: *Kaka yako anasema*. Hapakuwa na zaidi.

"Miaka tisa hatukusemezana, mwanangu. Nilipopata hii nikajua bado ana kinyongo, hata maneno yamemkwama. Ndiyo maana sikuja. Nataka kujua tu, alitaka kusema nini?"

"Dada, yaliyopita yamepita," mshona viatu alisema kutoka kapuni. "Njoo unishike mkono."

Fundi alisogeza mguu kulificha kapu. Aliona haya mpaka ya kumtazama yule mama machoni.

"Huyo ni kaka," mama alisema. Akapiga magoti, akapekua taratibu, akayatoa maneno yote akayafunga kwenye ncha ya mtandio wake.

"Yapo hapa tangu lini?"

"Jumatatu, mama."

"Na yeye kafa Jumatano. Yalikwama wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: kwangu. Fundi alilimeza.

"Mtandao, mama. Mtandao ulikuwa unasumbua."

"Mungu akuzidishie kwa kunitunzia. Mwingine angeyatupa."

"Karibu tena," Fundi alisema, na papo hapo akatamani ardhi ipasuke immeze, maana hospitalini hakaribishwi mtu tena.

Mchana alitafuta daftari la mafunzo, akaukuta ukurasa wa kile kimstari. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Alikuwa ameshaifungua programu mganga mkuu alipoingia na kapu jipya, kubwa, lenye mfuniko. Mfagiaji alikuwa amepeleka malalamiko.

"Unafanya nini humo?"

"Naangalia tu, daktari."

"Usiiguse. Haijagoma hata siku moja."

"Sawa, daktari," Fundi alisema. Akasaini kupokea kapu, akalisukuma chini ya meza, akafunga mfuniko.