Mashine ya Wendy Yajizima Tena

Saa nane na dakika kumi mchana mashine ilijizima kwa mara ya tatu, na Rispah akaitukana. Jamani, Rispah! Kiongozi wa kina mama kanisani, karani wa ghala kule Shimanzi ambaye hata madereva wa malori huchunga ndimi mbele yake. Lakini siku hiyo tusi lilimtoka zimazima, likashuka ngazi hadi kwa Bi Mwanakuu, mwenye nyumba, aliyekuwa ukumbini akichagua mchele.

"Mama Wendy! Kuna nini huko juu?"

"Imejizima tena, Bi!"

"Subhanallah! Hebu ijaribu tena, mwanangu. Usichoke."

Kuchoka? Achoke vipi, na mtoto wake wa pekee hana njia nyingine ya kumfikia? Wendy alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, mwaka wa pili huu. Mwezi wa sita tajiri wake alimnyang'anya simu na pasipoti akavifungia kabatini, na tangu hapo kimya. Wakala aliyempeleka alikuwa amefunga ofisi na kutokomea. Rispah alipokwenda kulia kwa wakubwa wa serikali, walimpa kiti, wakampa maji, kisha wakamwuliza jambo moja tu: binti yuko kwa nani, mtaa gani? Hakujua. Basi, mama, rudi ukijua.

Wiki tatu zilizopita ndipo Kaingu, fundi wa simu mwenye kibanda hapo Ndia Kuu, alipopanda ngazi mbiombio akihema. "Mama Wendy, nimemwona Wendy!" Wapi? Kwenye gemu, katika mashine ya mteja aliyokuwa akiitengeneza, ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuichukua. Gemu ileile ya shamba aliyokuwa akicheza na wenzake kabla hajasafiri. Watoto wa tajiri wana mashine ya gemu kama yake, na wao na mama yao wakilala baada ya chakula, saa nane mpaka saa kumi, Wendy huiba nafasi akaingia kwa jina lake la zamani. Kuongea hakuwezekani, maongezi yamefungwa kwa ajili ya watoto. Lakini pale shambani mtu anaweza kusimamisha kibao cha mbao, akaandika maneno machache, na hivyo ndivyo Wendy alivyomweleza Kaingu hayo yote, hata la simu na pasipoti.

Basi Rispah, aliyeiita mashine ile sanduku la uvivu miaka yote, akajifunza kushika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Siku ya kwanza alimwona mtu mdogo wa kuchorwa, kofia ya manjano, amesimama mlangoni pa kibanda cha shamba. Mbele yake kibao: SHIKAMOO MAMA. Rispah alilia mpaka akashindwa kuandika marahaba, na alipojikaza akaanza kuandika, mashine ikajizima.

Ukawa ndio mtindo. Aingie, dakika kumi, giza. Awashe, aingie, dakika tano, giza. Hajamwuliza mtoto hata kama amekula. Jumatatu alikuta vibao viwili: ALHAMISI TUNAHAMA, HUKO HAKUNA MASHINE. Na cha pili: NIMEONA BARUA YA UMEME YA HUKO, ALHAMISI NITAIPATA NIANDIKE ANWANI, USOME UPESI NIFUTE, WATOTO WASIONE. Wale watoto wakiamka huingia shamba hilohilo; ni wadogo, hawajui Kiswahili, lakini jina la baba yao na la mtaa wao wangelitambua, na wangekwenda kumwambia mama yao. Hapo Wendy angefanywa nini, Rispah hakutaka kufikiri.

Sasa ndiyo Alhamisi yenyewe. Amemdanganya bosi kwamba jino linamuuma, na ni kweli kitu kinamuuma.

Saa nane na nusu alimpigia simu Kaingu, aliyekuwa Kizingo juu ya paa la watu akifunga dishi.

"Chomoa waya kabisa ukutani, mama Wendy. Hesabu mpaka sitini, kisha urudishe."

Akahesabu mpaka mia. Akawasha kwa pedi. Dakika sita, giza.

"Labda ni mtandao. Usitumie wa hewani, iunge kwa waya."

Akaunga, akiupenyeza waya kwa nyuma. Dakika nne, giza.

"Basi dawa ni kuufuta mchezo wote, uupakue upya."

"Utachukua muda gani?"

"Masaa mawili hivi."

"Kaingu, mwanangu, unaniambia nini? Masaa mawili nitayatoa wapi mimi?"

Kaingu akajaribu njia nyingine. "Na mahali ilipo je, pako sawa? Haijajaa vumbi?"

"Vumbi! Hilo usiniulize. Nyumba hii hakuna kitu kinachotunzwa kama mashine ya Wendy. Tafuta vumbi kwa tochi, hulipati."

"Basi, haki ya Mungu, sijui tena, mama."

Na Rispah hakusema uongo. Kila kitu cha Wendy kilikuwa kimetunzwa kikimngoja mwenyewe. Viatu kwenye mfuko wa nailoni, kitanda kimetandikwa, na juu ya mashine kitambaa cheupe chenye maua mekundu alichokifuma kwa mkono wake, kizito, kimeshuka pande zote, na ncha zake amezikunja chini kisiteleze. Hewa yetu hii ya chumvi inakula chuma, nani asiyejua? Zamani Wendy alikuwa akikivuta na kukitupa kitini kila akitaka kucheza, naye Rispah akikirudisha huku akifoka kwamba mtoto huyu hajui kutunza vitu. Walizozana siku nenda siku rudi. Tangu Wendy aondoke, hakuna aliyekigusa ila siku ya kukifua.

Saa tisa na nusu mashine ilikubali tena. Shamba likatokea, na kofia ya manjano, pale pale! Wendy alikuwa akisimamisha kibao. Rispah akakimbiza mtu wake, akafika, akaona herufi ya kwanza, akaona ya pili. Giza.

Alipiga ukelele. Alianguka magoti mbele ya kabati, akaikumbatia mashine kama anayembembeleza mtu asiondoke. "Dakika tano tu, Mungu wangu. Sikuombi kingine. Dakika tano!" Akalaza paji la uso juu ya maua mekundu.

Paji likaungua.

Alijivuta nyuma, akaweka kiganja. Moto! Moto wa kaango la chapati. Na hapo, haki nakwambia, akaisikia sauti ya Wendy waziwazi, sauti ya kuchoka kugombana: "Mama, hiki kitambaa chako..." Mara ngapi alianza hivyo? Rispah hakuwahi kumwacha amalize.

Alikichana akikitoa, maana ncha zilikuwa zimekunjwa sawasawa. "Bi Mwanakuu! Bi! Kipepeo!"

Bi Mwanakuu alipanda na kipepeo cha jikoni mkononi na punje za mchele kwenye leso. Hakuuliza. Alikaa kitako sakafuni akapepea ile mashine, huku Rispah akiipuliza kwa kinywa na kulia. "Nimeizima mimi, Bi. Wiki tatu nzima. Ni mimi niliyekuwa nikimzimia mtoto."

"Lia baadaye. Puliza."

Saa kumi kasoro dakika nane ikawaka.

Shamba lilikuwa tupu. Kofia ya manjano haipo. Mlangoni pa kibanda vilisimama vibao vinne, na hakuna aliyevifuta. Ina maana Wendy ameitwa ghafla akaviacha. Cha kwanza jina la tajiri. Cha pili mtaa na namba ya nyumba. Cha tatu mji wanaohamia. Rispah alivisoma kwa sauti, mara mbili mbili, akiandika kwa kalamu kwenye mkono wake tangu kiwiko hadi kifundo. Kisha akashika shoka la mchezo akavunja cha kwanza, akavunja cha pili. Alipokuwa kwenye cha tatu, mtu mdogo wa waridi aliingia langoni, na juu ya kichwa chake jina: Jannat. Mtoto mkubwa wa tajiri ameamka. Rispah alivunja kibao, kikapotea, na yule mtoto akafika akasimama mbele ya kile cha mwisho asichoweza kukisoma.

MAMA NAJUA UMEIFUNIKA. TOA KITAMBAA.

Rispah hakukigusa. Aliweka pedi chini taratibu, akavaa viatu vya Bi Mwanakuu kwa sababu vyake hakuviona, akafungua mlango. Ofisi za wale wakubwa zilikuwa hazijafungwa bado.

"Bi, nikalie hapa. Usiizime. Mtu wangu asimame pale pale mlangoni, Wendy akirudi anikute."

"Nenda, mwanangu. Mimi nipo."

Alikuwa amefika katikati ya ngazi, mkono wenye maandishi ameuinua juu usiguse ukuta, alipokumbuka jinsi Bi Mwanakuu asivyoweza kuona kitu kimelala chini bila kukiokota, kukikung'uta na kukirudisha mahali pake. Akageuka, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia.

"Bi! Usiifunike!"